USALAMA NA AFYA: Motere ya mazuti inapokataa kuwaka nyumbani



Wengi kati yetu wana shamba nje ya mji. Mahindi ya bukari hayatoki yote sokoni: mengine tunayalima wenyewe upande wa Likasi, wa Kipushi au wa Kolwezi. Kuna waliounganisha mishahara yao pamoja na ndugu wakanunua trakteri kuukuu, na kuna wengine wenye motere ya mazuti inayozungusha kinu cha unga. Mvua za kwetu huanza mwezi wa kumi au wa kumi na moja na kwisha mwezi wa nne. Mtu ambaye trakteri yake inakataa kuwaka mwezi wa kumi na moja hana usingizi, kwani shamba lisilolimwa leo ni sufuria tupu mwaka ujao.

Basi siku ya posho, akiwa amepumzika kazi, baba anakamata funguo zake na kuanza kutengeneza mwenyewe. Si vibaya. Kuna magonjwa mengi ya motere ambayo mtu mwenye akili na uvumilivu anaweza kuyaponya bila kulipa fundi. Lakini inafaa ajue anatafuta nini, na ajue mahali ambapo hapaswi kutia mkono.

KIDOLE CHA MWENZETU

Mwenzetu mmoja alikuwa katika konje. Trakteri yake iliwaka, lakini ilikohoa na kukosa nguvu. Akaona mazuti yakilowesha ubavu wa motere. Motere ikiwa inazunguka, alipitisha kidole gumba juu ya tiyo ndogo za chuma, ili ahisi ni wapi panapovuja. Akasikia kitu kama sindano. Alitazama: tone dogo la damu, basi. Akafuta kidole kwa kitambaa, akaendelea na kazi, akala, akalala.

Usiku kidole kilianza kuuma. Asubuhi mkono wote ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Waganga walimpasua, wakasafisha, lakini saa nyingi zilikuwa zimepita. Kidole gumba hakikuokolewa. Na ugonjwa wa trakteri ulikuwa nini? Buloni moja ya tiyo iliyolegea. Kuikaza kwa ufunguo, motere ikiwa imezimwa, ni kazi ya dakika moja.

Mtu huyu kazini hakuwahi kuvunja sheria. Alivaa kaske, miwani na viatu vya chuma kila siku. Nyumbani alikuwa amevaa kandambili. Somo letu la leo linatoka hapo.

SOMO LA 1: MOTERE YA MAZUTI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Motere hii ina jina la Mjerumani Rudolf Diesel. Motere yake iliyofanya kazi sawasawa ilizunguka mwaka wa 1897, katika mji wa Augsburg.

Motere ya esansi inawasha moto kwa cheche ya umeme. Motere ya mazuti haina cheche. Pistoni inapanda na kubana hewa ndani ya silinda mpaka hewa ile inabaki katika nafasi ndogo mara 16 hadi 20 kuliko mwanzo. Hewa inayobanwa inapata moto: anayejaza gurudumu la kinga kwa pompi ya mkono anajua jinsi pompi inavyochoma vidole. Ndani ya silinda joto linapita digri 500. Hapo injekteri inarusha mazuti kama ukungu mwembamba, na mazuti yanawaka yenyewe.

Kwa hiyo motere inahitaji vitu vinne tu:
1. Izungushwe kwa nguvu ya kutosha (batri na demareri).
2. Ipate hewa safi.
3. Ipate mazuti safi, pasipo maji wala hewa ndani yake.
4. Ibane hewa vizuri (pistoni, segma na supapi ziwe nzima).

Motere isipowaka, kimoja cha vitu hivi kimekosekana. Usifungue kila kitu. Uliza swali moja baada ya jingine, kama mganga anavyomwuliza mgonjwa.

SOMO LA 2: KABLA YA KUGUSA

– Weka trakteri mahali tambarare, nje, penye hewa. Usiwashe motere ndani ya nyumba wala ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una gesi ya sumu isiyoonekana. Tena, mwaka wa 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa motere za mazuti unaleta saratani ya mapafu.
– Kaza freni ya mkono. Weka mkono wa vitesi katikati, pasipo vitesi hata moja. Tia mawe au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu.
– Teremsha chini jembe au chombo chochote kilichoinuliwa.
– Vaa miwani, viatu vilivyofunika mguu, na nguo zisizoning'inia. Vua pete na saa ya mkono.
– Usivute tumbako. Weka karibu ndoo ya mchanga mkavu. Mazuti yanayowaka hayazimwi kwa maji, kwani yanaelea juu ya maji na kusambaza moto.
– Ondoa watoto. Mtoto anayetazama baba akitengeneza motere ana mkono mwepesi kuliko jicho la baba.

SOMO LA 3: KUTAFUTA UGONJWA

A. Ukiwasha, demareri haizunguki, au inazunguka polepole.

Ugonjwa uko upande wa batri. Tazama vichwa vya batri: ukiona unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Ondoa kwanza waya unaoshikana na mwili wa trakteri (masi), halafu waya wa pili. Safisha kwa maji ya moto kidogo na brashi. Wakati wa kurudisha, waya wa masi unakuwa wa mwisho. Ukifuata njia hii, ufunguo wako ukigusa chuma hautatoa cheche.

Batri ya volti 12 iliyojaa inaonyesha karibu volti 12,6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 12, inataka kujazwa. Batri inayojazwa inatoa gesi inayolipuka: usiitazame kwa kibatari wala kwa njiti ya kibiriti. Maji yake ni asidi. Yakiingia jichoni, osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 20, halafu nenda dispansari hata kama maumivu yametulia.

Usiwashe kamwe motere kwa kuunganisha vichwa vya demareri kwa tournevisi huku umesimama chini. Trakteri ikiwa imebaki katika vitesi, itawaka na kwenda mara moja, na wewe umesimama mbele ya gurudumu la nyuma. Namna hii imeua watu katika nchi nyingi. Motere inawashwa na mtu aliyeketi kwenye kiti.

B. Motere inazunguka kwa nguvu, lakini haiwaki na bomba halitoi moshi.

Pasipo moshi, mazuti hayafiki. Tazama kwa utaratibu huu:
1. Je, kuna mazuti ndani ya tanki? Tumbukiza kijiti kisafi, usitegemee saa ya dashibodi.
2. Je, robine iliyo chini ya tanki imefunguliwa? Watoto wanapenda kuifunga.
3. Je, mkono wa kuzimisha motere umerudi mahali pake?
4. Je, tundu la kifuniko cha tanki limezibwa na udongo? Hewa isipoingia, mazuti hayashuki.
5. Je, filtri ya mazuti ni chafu, au kikombe chake kina maji? Maji yanakaa chini ya mazuti, unayaona kama mstari. Yatoe. Filtri chafu haioshwi, inabadilishwa.

Ikiwa tanki lilikauka, au umebadilisha filtri, hewa imeingia. Mazuti yenye hewa hayasukumiki, kwa sababu hewa inabanika na mazuti hayabaniki. Inatakiwa kutoa hewa. Kwenye trakteri kuukuu yenye pompi ya kawaida, fanya hivi, motere ikiwa imezimwa:

– Jaza tanki na fungua robine.
– Legeza buloni ndogo iliyo juu ya filtri. Bonyeza pompi ndogo ya mkono polepole. Yatatoka mazuti yenye povu. Endelea mpaka povu liishe, kisha kaza buloni.
– Fanya vivyo hivyo kwenye buloni ya pompi ya injeksio.
– Jaribu kuwasha. Ikikataa bado, legeza kwa mzunguko mmoja buloni za tiyo pale zinapoingia katika injekteri. Zifunike kwa kitambaa kinene. Kila mtu aondoke karibu. Aliye kwenye kiti azungushe demareri sekunde 10, aache. Mazuti yakishatoka bila povu, kaza buloni zote, panguza mazuti yaliyomwagika, ndipo uwashe.

Demareri isizungushwe zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mara moja. Ipumzishe dakika 1 au 2, la sivyo utaiunguza na batri itakufa.

Angalizo kubwa: motere za siku hizi zinazoongozwa na kompyuta hazifanyiwi hivi. Shinikizo la tiyo zake linapita bar 1.500 na linaweza kubaki hata motere ikiwa imezimwa. Hizo mwachie fundi mwenye vyombo vyake.

C. Motere inazunguka, bomba linatoa moshi mweupe, lakini haiwaki.

Mazuti yanafika, ila hayaungui. Mara nyingi ni baridi ya asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba: tumia buji za kupasha moto kama motere inazo, ngoja sekunde kama kitabu cha trakteri kinavyosema. Tazama pia filtri ya hewa. Kama asubuhi si ya baridi na motere imechoka, inawezekana haibani hewa tena. Hapo kazi ni ya fundi.

Usimwage esansi ndani ya njia ya hewa. Usipulize eteri ya kopo kwenye motere yenye buji za kupasha moto: inawaka kabla ya wakati, inapasua pistoni na kuunguza uso wa aliyeishika.

D. Motere imewaka, inafanya kazi, halafu inazimika yenyewe.

Rudi kwenye B: robine, kifuniko cha tanki, filtri, hewa. Inapozimika kila baada ya dakika kumi na kuwaka tena ikipumzika, tazama kwanza tundu la kifuniko na uchafu chini ya tanki.

E. Motere inapata moto mno.

Zima. Tazama mkanda wa feni na matundu ya radiatori: majani na makapi ya mahindi yanayaziba. Kifuniko cha radiatori hakifunguliwi motere ikiwa na moto. Maji ya ndani yanaruka kama mvuke na kuunguza uso na kifua. Ngoja mpaka unaweza kuweka kiganja juu ya radiatori bila kukiondoa, kisha fungua polepole kwa kitambaa kinene. Usimwage maji baridi ndani ya motere ya moto: chuma kitapasuka.

F. Taa ya mafuta ya motere inawaka, au motere inagonga kama nyundo.

Zima mara moja. Usiseme "nimalize mstari huu". Pima mafuta kwa kijiti. Mstari mmoja wa shamba unaweza kula motere nzima.

MOSHI UNASEMA

Tazama bomba la moshi motere ikishapata joto.

Moshi MWEUSI: mazuti ni mengi kuliko hewa. Filtri ya hewa imezibwa, au unaivutisha trakteri mzigo mzito mno, au injekteri zimechoka. Vumbi la kiangazi chetu linajaza filtri upesi. Itazame kila siku ya kazi.

Moshi wa BULUU: motere inakula mafuta yake yenyewe. Segma au supapi zimekwisha.

Moshi MWEUPE usiokoma, na maji ya radiatori yanapungua: maji yanaingia ndani ya silinda. Usiendelee kulima.

Na kama siku moja motere inakataa kuzimika, inapiga kelele na kukimbia yenyewe, usitie kiganja kwenye njia ya hewa: itakivuta. Ziba njia hiyo kwa ubao bapa, ukisimama kando. Ukishindwa kuifikia bila hatari, kimbia na uwaondoe watu. Chuma kinanunuliwa.

SOMO LA 4: HATARI ISIYOONEKANA

Turudi kwa kidole cha mwenzetu. Gurudumu la gari dogo lina hewa ya bar 2 hivi. Injekteri ya trakteri kuukuu inafunguka kwa bar 150 hadi 250. Mazuti yanayotoka kwenye tundu jembamba kwa nguvu hiyo yanapita ngozi, hata glavu ya ngozi, na kusambaa ndani ya mkono. Yanaua nyama taratibu. Jeraha la nje ni dogo kama la mbu, na mwanzo haliumi sana. Ndiyo sababu watu wanalala nalo.

Kutafuta panapovuja, zima motere, panguza tiyo zote zikauke, kisha washa na upitishe kipande cha karatasi ngumu au ubao kwa mbali. Mahali karatasi inapolowa ndipo penye ugonjwa. Zima tena, ndipo ukaze.

Ikitokea umechomwa:
– Nenda hospitali SAA ILE ILE. Si kesho. Mkono unaokolewa katika saa chache za kwanza.
– Usikamue, usichanje, usifunge kamba, usipake dawa ya kienyeji.
– Usile wala kunywa njiani, kwani huenda ukapasuliwa.
– Mwambie mganga wazi: "Mazuti yaliingia chini ya ngozi kwa nguvu ya injekteri." Asipoambiwa, anaweza kukupa bandeji na kukurudisha nyumbani.

KWA MAMA NYUMBANI

Mama, wewe ndiye mlinzi wa usalama wa nyumba.

Usikubali mazuti yawekwe ndani ya chupa ya bia, ya limonadi au ya mafuta ya mawese. Mtoto mwenye kiu haulizi. Weka katika bidoni yenye alama, mbali na chakula na moto.

Usikubali baba au kijana avute mazuti kwa mdomo katika tiyo. Yakiteleza kuingia mapafuni yanaleta ugonjwa mkali wa kifua. Tumia robine au pompi ya mkono.

Mtu akimeza mazuti, usimtapishe. Usimpe maziwa, wala mawese, wala maji ya chumvi. Wengi wanafikiri maziwa yanaosha sumu; lakini anapotapika, mazuti yanapita mara ya pili karibu na mapafu. Suuza mdomo, mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali hata kama anasema yuko mzima, na uchukue chupa mganga aione.

Nguo za mazuti zifuliwe peke yake. Na mikono isioshwe kwa mazuti wala kwa esansi: ngozi inakauka, inapasuka na kuwasha. Sabuni na mchanga laini vinatosha.

KUKINGA NI BORA KULIKO KUPONYA

Mazuti ya pipa yaache yatulie siku moja kabla ya kuyatumia, na usiteke ya chini kabisa. Funika pipa lisiingie mvua. Chuja kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Jaza tanki jioni baada ya kazi, kwa sababu tanki tupu linatoa jasho usiku, na jasho hilo ni maji ndani ya mazuti. Toa maji ya filtri kila juma. Ukifanya hivyo, nusu ya magonjwa tuliyotaja hutayaona.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Motere inazunguka lakini hakuna moshi. Utatazama nini kwanza?
2. Waya gani wa batri unaondolewa kwanza, na gani unarudishwa mwisho?
3. Moshi mweusi unataka kusema nini?
4. Mtoto amemeza mazuti. Taja mambo mawili ambayo hutafanya.
5. Umechomwa na mazuti ya injekteri na huoni maumivu. Utakwenda hospitali lini?

Someni maulizo haya jioni pamoja na watoto wakubwa. Anayekosea arudie somo.

Ndugu mfanyakazi, ukitoka kazini unapita mlangoni na kuacha kaske yako. Usiiache na akili uliyofundishwa. Mvua itakuja mwakani tena, na trakteri itapata fundi. Mkono wako hauuziki dukani.